Risasi ya betri: Moto na asidi ndivyo huzidisha hatari

KATIKA miji iliyo kando ya barabara ya Thika kuelekea Garissa, Matuu ukiwa mmojawapo, betri ni kifaa cha kila siku. Huwasha malori na huhifadhi umeme wa jua katika maboma yaliyo mbali na nyaya za stima. Ikizeeka, wapo mafundi ambao huipasua, wakamwaga asidi na kuyeyusha mabamba yaliyomo.

Mabamba hayo ni ya madini ya risasi. (Risasi ya bunduki ndiyo iliyopata jina kutokana na madini haya.) Ni metali laini ya kijivu, yenye uzito unaozidi mara 11 ule wa maji ya ujazo uleule, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 za Selsiasi. Jiko la makaa hutosha, ndiposa kazi hii hufanyiwa hata uani.

Ardhini, risasi hupatikana hasa ikiwa imeungana na salfa. Huitwa salfaidi ya risasi, au galena, jiwe zito linalometameta ambalo hapa nchini lipo Kinangoni, Kaunti ya Kilifi. Likisagwa, limetumiwa kama wanja tangu Misri ya kale; wanja wa aina hiyo haufai kabisa kupakwa mtoto.

Kwa kuwa salfaidi hii haiyeyuki majini, wengine huidhania salama. Ikikutana na asidi kali hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Harufu hiyo isitegemewe: gesi ikizidi, pua hushindwa kuinusa, na mtu huweza kuanguka akafa. Ikichomwa hutoa salfa dioksaidi inayounguza mapafu. Isiwekwe karibu na asidi wala moto.

Betri ina salfeti ya risasi na asidi ya salfuriki, wala si salfaidi, lakini tanuru lake halina huruma. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza 2007 na kufungwa 2014 kiliacha sumu katika damu ya watoto. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza wakazi walipwe Sh1.3 bilioni mwaka wa 2020. Mahakama ya Rufaa ikafutilia mbali malipo hayo 2023, na Mahakama ya Juu ikayarejesha Desemba 2024.

Risasi haipenyi ngozi kwa urahisi. Huingia kwa mvuke, vumbi na mkono mchafu unaoshika chapati. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe likiwa kavu. Leso puani si kinga, na nguo za kazi zisifike nyumbani. Magadi hutuliza asidi iliyomwagika, ila risasi hubaki udongoni, jambo la kuwahangaisha wanaolima kwa maji ya mfereji wa Yatta. Bora betri irudishwe kwa muuzaji ikiwa nzima.

Maumivu ya tumbo, uchovu na upungufu wa damu hufanana na dalili za maradhi mengine, hivyo kipimo cha damu ndicho huthibitisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2021, lilishauri kwamba mtu akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa.