Nguzonne ya Guanini: Tuhesabu Nyuzi au Nguzo?

Mwanafunzi wa sekondari wa Sokon I, jijini Arusha, akiulizwa DNA ina sura gani atachora nyuzi mbili zinazozungukana, na hatakuwa amekosea. Mchoro huo umetawala vitabu tangu mwaka 1953, James Watson na Francis Crick walipoutangaza. Lakini asidi nukleiki hazikuahidi mtu kwamba zitaishia kwenye mbili. Mwaka 1957 Gary Felsenfeld, David Davies na Alexander Rich walionyesha kwamba nyuzi tatu za RNA zinaweza kushikamana, na mwaka 1962 Davies huyohuyo, pamoja na Martin Gellert na Marie Lipsett, alipima kwa miale ya eksi jeli ya asidi ya guaniliki ambayo wakemia walikuwa wameiona tangu 1910. Wakakuta guanini nne (guanini ni moja ya besi zinazounda asidi nukleiki) zimekaa mraba, kila moja imeshika jirani zake wawili kwa vifungo vya haidrojeni. Miraba ya namna hiyo hupangana mmoja juu ya mwingine, na ayoni za potasiamu, ambazo seli ina hazina yake kubwa, hukaa katikati na kulikaza umbo zima. Wataalamu huliita kwadrupleksi. Sisi tuliiteje?

Tafsiri inayokuja mdomoni haraka ni “DNA ya nyuzi nne”, na ninaikataa kwa sababu haisemi kweli. Ushahidi mzuri uko kwa kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Takriban asilimia 80 ya DNA yake ni adenini na timini, kwa hiyo guanini zilizokusanyika mahali pamoja ni adimu. Zipo hasa kwenye ncha za kromosomu, ambako mfuatano GGGTTTA au GGGTTCA hurudiwarudiwa. Chukua uzi mmoja tu wenye marudio manne ya aina hiyo, uuweke maabara katika maji yenye potasiamu. Utajikunja wenyewe mara tatu, mafungu manne ya GGG yakabiliane, na miraba mitatu ijipange. Uzi ni mmoja. Anayesema “nyuzi nne” hapo ameuhesabu uzi uleule mara nne, na mwanafunzi atakayemwamini atatafuta nyuzi tatu zisizokuwepo. Umbo hilo linaweza pia kujengwa na nyuzi mbili, au na nyuzi nne kweli. Kisichobadilika ni kwamba miraba imezungukwa na mihimili minne iliyosimama, kama ghorofa ambayo kila sakafu yake imebebwa na nguzo nne zilezile kutoka chini hadi juu. Basi tuhesabu nguzo. Kiswahili kimeshazoea kuunda pembetatu na pembenne, na kwa mtindo huohuo napendekeza nguzonne ya guanini, na kila mraba wake uitwe mraba wa guanini.

Kuna watakaosema kwadrupleksi inatosha, kwani tumeshapokea protini na kromosomu bila ugomvi. Siwapingi kwa mkopo wenyewe. Ila protini ni jina la kitu, na kwadrupleksi ni maelezo ya umbo, ambayo yakikopwa hayamwelezi msomaji lolote. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tunahangaikia jina la kitu cha chupa za maabara. Lilikuwa na nguvu zamani. Mwaka 2013 kundi la Shankar Balasubramanian huko Cambridge lilitumia kingamwili inayoyashika maumbo haya na kuyaonyesha ndani ya seli za binadamu. Kwa kimelea cha malaria, uchambuzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta mifuatano yenye uwezo wa kujenga nguzonne karibu na baadhi ya jeni za var. Jeni hizo ni kama 60, nazo hutengeneza protini inayozifanya seli nyekundu za damu zing’ang’anie kuta za mishipa. Kimelea hutumia moja kwa wakati, kisha hubadili ili kinga ya mwili ipotee njia. Mifuatano hiyo haithibitishi kwamba nguzonne ndiyo inayoendesha mabadiliko hayo, ingawa mahali ilipo panatia shaka kuwa ni bahati tu. Na mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba quarfloxin, dawa iliyobuniwa kwa ajili ya saratani ili ishike maumbo haya, huua kimelea hicho maabara. Ugumu wa kuifanya dawa ya malaria unaonekana mapema: ncha za kromosomu zetu nazo zina TTAGGG, kwa hiyo dawa lazima ijue kutofautisha nguzo za mgonjwa na za kimelea.

Nakubali kasoro moja. Nguzo humfanya mtu afikirie kitu kisichohama, ilhali seli ina vimeng’enya, helikesi, vinavyofumua maumbo haya, na bila hivyo kunakili DNA hukwama. Lakini istilahi ya umbo haidaiwi muda wa kuishi, na hapa faida ni kubwa kuliko kasoro, kwa sababu hesabu hiyohiyo inaenea. Umbo la watu watatu wa 1957 linakuwa nguzotatu, hata pale uzi wa tatu unapokuwa ni mkunjo wa mojawapo ya zile mbili. Na lile la sitosini, besi nyingine ya DNA, lililoonekana katika seli za binadamu mwaka 2018, huko Sydney, ni nguzonne ya sitosini, ingawa ndani yake hakuna mraba hata mmoja.