Msindikizaji

Kusindikiza ni kumtoa mgeni hadi mahali fulani njiani, kisha kurudi. Neno hili linazifaa mno protini zinazopeleka histoni kwenye DNA. Histoni, protini zinazozungushiwa DNA, zina chaji chanya na DNA ina chaji hasi. Bila msindikizaji hunasana ovyo. Ron Laskey na wenzake walikuta kazi hiyo ikifanywa na nyukleoplasmini ya mayai ya chura mwaka 1978. Katika seli za binadamu, msindikizaji aitwaye ASF1 hushika jozi ya histoni H3 na H4 kwa kufunika upande ambao H3 mbili hukutania. Msindikizaji mwingine, DAXX, huitambua H3.3, aina ya H3, hasa kwa asidi amino moja, glisini ya nafasi ya 90. Histoni nane zikishazungushiwa DNA, msindikizaji huwa amekwisha kuziachia.