Goma: mali ya kubeba na mali ya kuacha

Ukimwambia mtu aliyekimbia mara tatu kwamba ni heri kuishi na vitu vichache, atakutazama tu. Uchache aliupata bila kuutafuta. Lakini swali la mali, kuipunguza ao kuishikilia, si geni huku Kivu. Wazee walilijibu zaidi ya mara moja, na kila jibu lilikuwa na hasara yake.

Tarehe 25 Desemba 1979, siku yenyewe ya Noeli, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina kazi tena. Mipaka ya inchi ikafungwa. Watu wakapewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa kikomo. Aliyekuwa kijijini, mbali na banki, na pesa zake chini ya godoro, akabaki na makaratasi. Jirani yake aliyekuwa amenunua mbuzi, vikwembe na manjanja ya kuezekea nyumba hakupoteza kitu. Na pesa haikupona kiisha pale: mwaka wa 1993 kulikuwa noti ya zaire milioni 5, na mwezi wa Oktoba zaire mpya moja ikachukua nafasi ya milioni 3 za zamani.

Tangu siku zile, anayeona sanduku la mama lililojaa vikwembe na kusema ni tamaa ya urembo, hajui anachokitazama. Kikwembe kinakunjwa, kinabebwa kichwani, na mtoto akiugua kinauzwa kimoja, vingine vinabaki. Mama anavifurahia pia, anavivaa kwenye ndoa. Akiba inayovaliwa, nani angeikataa?

Lakini si mali yote inakunjwa. Mwaka wa 1991 askari walipoanza kupora Kinshasa, na uporaji ukafika miji mingine, wenye maduka ndio walioumia zaidi. Halafu ikaja 17 Januari 2002. Lava ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu zaidi ya laki tatu walitoka mjini, wengi wakavuka kwenda Gisenyi, Rwanda, na walichoweza kubeba kichwani, mgongoni ao kwenye chukudu.

Siku chache tu zikapita, wengi wakarudi, mawe yakiwa bado ya moto na ardhi ikitetemeka. Wageni waliokuja kusaidia walishangaa. Hakukuwa na cha kushangaza. Kule walikuwa watu wa kungojea kupewa. Huku mtu alikuwa na kiwanja, hata kama kilikuwa chini ya jiwe, na labda manjanja machache ya kuokota. Ni kweli pia kwamba kitu kinaweza kuua: tarehe 21 Januari, kituo cha mafuta kililipuka watu wakiwa wanachota mafuta humo, na makumi wakafa.

Waliorudi walijenga juu ya lava yenyewe, wengi kwa mbao. Ubao ni wa bei nafuu kuliko tofali, ndiyo, lakini pia unang'olewa pamoja na manjanja yake na kupelekwa kwingine. Nyumba ikawa nayo kitu cha kubeba.

Jioni ya 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na tarehe 27 Mei viongozi wakaamuru sehemu kubwa ya mji itoke. Njia ya Sake ilijaa watu, na juu ya watu magodoro, bidoni za maji, sufuria, mbuzi kwenye kamba. Makabati na vitanda vilibaki nyuma ya milango iliyofungwa. Jamaa zingine ziliacha mtu mmoja nyumbani kwa kuogopa wezi, na yeye akalala pale, chini ya mlima, akilinda kitanda.