Kashfa na habari za mahakamani: mwandishi wa Burundi analindwa wapi?

Tarehe 20 Januari 2015, Bob Rugurika, mkurugenzi wa redio binafsi RPA ya Bujumbura, alikamatwa. Redio yake ilikuwa imetangaza mfululizo wa taarifa kuhusu mauaji ya watawa watatu wa Kiitaliano, waliouawa Septemba 2014 katika mtaa wa Kamenge. Katika taarifa hizo ilisikika sauti ya mtu aliyedai kushiriki katika tukio hilo.

Rugurika hakushtakiwa kwa kashfa. Miongoni mwa tuhuma zilizomkabili ni kushiriki katika mauaji na kuvunja siri ya upelelezi. Aliachiliwa mwezi uliofuata kwa dhamana ya faranga milioni 15 za Burundi, na umati mkubwa ukajitokeza kumlaki mjini Bujumbura.

Kikao cha wazi na faili lililofungwa

Katiba ya Burundi inasema kwamba vikao vya mahakama ni vya wazi, isipokuwa mahakama yenyewe ikiamua kusikiliza kesi faraghani kwa kuhofia utulivu wa umma au maadili. Kabla ya kikao, hata hivyo, faili la mwendesha mashtaka hulindwa na siri ya upelelezi. Taarifa ileile yaweza kuwa halali ikitamkwa mbele ya majaji, na ikamtia mwandishi matatani ikitangazwa wiki moja kabla.

Kashfa ni nini?

Katika mapokeo ya sheria ya Kifaransa na Kibelgiji, ambayo Burundi imeyarithi, kashfa ni kumhusisha mtu na jambo mahsusi linalovunja heshima yake. Tusi humdhalilisha mtu bila kutaja jambo lolote mahsusi.

Kila kesi ya jinai humhusisha mtu na jambo la aibu. Ndiyo sababu nchi nyingi huweka kinga kwa anayeripoti kesi. Sheria ya habari ya Ufaransa ya 29 Julai 1881 inakinga ripoti ya uaminifu iliyotolewa kwa nia njema kuhusu mijadala ya mahakama. Nchini Kenya, Sheria ya Kashfa huikinga ripoti ya gazeti iliyo sahihi na ya haki kuhusu kesi iliyosikilizwa mahakamani.

Kinga hiyo ina masharti. Mwandishi hana budi kunukuu pande zote mbili, kumwita mtu mshtakiwa badala ya mhalifu kabla ya hukumu, na kutochanganya maneno ya kikaoni na uvumi wa nje.

Uamuzi wa Arusha

Chama cha Waandishi wa Habari cha Burundi kiliipinga sheria ya habari ya 4 Juni 2013 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei 2015, majaji waliamua kwamba baadhi ya vipengele vya kifungu cha 19, pamoja na kifungu cha 20 kilichowalazimisha waandishi kufichua vyanzo vyao katika mambo kadhaa, vilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Siku hizohizo, kufuatia jaribio la mapinduzi la 13 Mei, RPA na redio nyingine binafsi zilishambuliwa na kunyamazishwa.

Kilichobadilika, na kilichobaki

Mwaka 2024 Burundi ilirekebisha sheria ya habari, na makosa kadhaa yaliyoadhibiwa kwa kifungo yakawekewa faini. Hiyo ni hatua. Lakini kesi ya Rugurika inaonyesha kwamba mwandishi aweza kufungwa kwa tuhuma zinazotoka nje ya sheria ya habari. Kupunguza adhabu ya kashfa pekee hakutoshi, ikiwa mpaka kati ya siri ya upelelezi na haki ya umma kujua haujawekwa bayana.

Kwa msikilizaji wa Buyenzi au Bwiza asiyeweza kufika mahakamani, redio ndiyo benchi lake katika chumba cha kesi.