Shamba la ukoo mbele ya Mahakama Kuu Mwanza
Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988. Kwa maoni yangu zilipata uhai Mwanza, Februari 1990. Mwanamke wa Kihaya alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akamuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda mahakamani. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini kuiuza ikabaki haki ya wanaume. Jaji James Mwalusanya alikataa: ibara ya 13 inakataza ubaguzi, basi naye auze kama wanaume wauzavyo.

Wapo wasemao jaji hatungi sheria. Kweli, ila Bunge lenyewe liliziagiza mahakama zisome sheria za zamani zilingane na Katiba. Hoja nzito zaidi ni kwamba mila za urithi zilibaki. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilikiri kwamba mila ziliwabagua wajane wawili wa Shinyanga, lakini haikuzifuta. Hapo kilichopungua ni ujasiri, kwani tangu mwaka 2000 Katiba inakataza waziwazi ubaguzi wa jinsia, msaada ambao Mwalusanya hakuwa nao.