Fainali ya Phelps Mkenya alikuwemo, sisi tulikuwa tumelala

Wasee, ile video ya Michael Phelps akimshinda Milorad Čavić wa Serbia kwa 0.01 ya sekunde, Beijing 2008, mmeiona. Imezunguka miaka na miaka. Sasa rudi uitazame tena, lakini safari hii achana na Phelps. Ngoja matokeo yatokee. Nafasi ya tano: Jason Dunford, KEN, 51.47.

KEN ni sisi.

Mimi nimejua hii juzi tu, na nina miaka 22, na nimekulia Eldoret. Mji ambao mtu wa boda anakueleza kazi ya yule jamaa anayelipwa kuongoza marathoni mpaka kilomita 30 halafu atoke kando. Mama mboga anajua PB ya jirani. Maneno ya mbio tunayo mdomoni tangu utotoni. Ya kuogelea hatuna, na naamini hiyo ndiyo sababu kubwa ile fainali ilitupita. Kitu usichoweza kukisimulia unakisahau haraka.

Sababu nyingine zipo, sikatai. Ilikuwa Jumamosi, 16 Agosti, saa kumi na moja na kitu alfajiri kwetu. Siku hiyo hiyo jioni yetu Usain Bolt akakimbia 9.69. Siku mbili baadaye Pamela Jelimo akachukua dhahabu ya mita 800. Nani angekumbuka nafasi ya tano ya maji?

Lakini nilianza kulifikiria hili juu ya binamu yangu. Ako na miaka kumi. Desemba nilimpeleka kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, akapenda, akataka kurudi kila wiki. Wiki ya tatu akagoma. Kumbe kuna mtoto alimwambia kuogelea si ya watu wetu, ati mifupa yetu inazama. Nikatafuta cha kumjibu nikakosa. Akaniuliza hata ile staili ya kurusha mikono yote miwili inaitwaje, nikasema "ile ya kuruka". Aibu. Basi nikakaa chini nikaisoma ile mbio ya 2008 neno kwa neno, ndio nimpelekee.

Tuanze na hiti. Hii unaijua kutoka mbio: mchujo wa kwanza. Tarehe 14 Agosti, kwenye hiti za mita 100 kipepeo, Dunford alipiga 51.14. Hiyo ilikuwa rekodi ya Olimpiki, wasee. Mkenya mwenye miaka 21, mzaliwa wa Nairobi, alishika rekodi ya Olimpiki ya kuogelea. Aliishika dakika chache tu, kabla ya Čavić kuingia kwenye hiti yake na kupiga 50.76. Lakini aliishika.

Halafu leni. Kwenye riadha wengi tunajua leni za kati ni nzuri. Kwenye maji kuna mpangilio maalum: aliyekuwa na kasi zaidi nusu fainali anapewa leni ya 4, wa pili ya 5, kisha 3, 6, 2, 7, 1, na wa nane anaenda 8. Kwa hivyo ukiangalia tu nani amesimama wapi, unajua nani anaogopwa. Čavić alikuwa 4, Phelps 5.

Sasa kipepeo yenyewe, ambayo ndiyo historia tamu kuliko zote. Hii staili ilizaliwa kwa ujanja. Zamani kulikuwa na mtindo wa kifua, ule watoto wanauita wa chura, na sheria haikusema wazi kwamba mikono lazima irudi chini ya maji. Miaka ya 1930 watu Marekani wakaanza kuirusha juu ya maji, yote miwili pamoja, na wakawa wanawaacha wenzao. Ni kama mtu agundue kwenye mbio za kuruka viunzi hakuna mahali pameandikwa usipite chini. Ubishi ukaendelea mpaka 1952, ndipo shirikisho la dunia likaamua kipepeo iwe staili yake. Olimpiki yake ya kwanza ikawa Melbourne 1956. Miguu inapiga pamoja kama mkia wa pomboo, na baada ya kuruka majini hauruhusiwi kukaa chini ya maji zaidi ya mita 15.

Kwenye spliti ndio video inakuwa sinema. Spliti ni muda wako wa kila kipande, kama vile hapa tunahesabu kila raundi ya uwanja. Baada ya mita 50 za kwanza, Čavić alikuwa wa kwanza na Phelps alikuwa wa saba. Wa saba kati ya wanane! Wakageuka, Phelps akaanza kuwala mmoja mmoja.

Mwisho ni kugusa. Kwenye mbio unamaliza na kifua. Kwenye maji kuna kibao ukutani kinachosimamisha saa, na lazima ukisukume, kukifikia tu haitoshi. Kwa kipepeo na kifua, mikono yote miwili lazima iguse pamoja. Čavić alijinyoosha akateleza kuelekea ukuta. Phelps akapiga nusu mkono zaidi na kukibamiza. Serbia wakalalamika, picha zikaangaliwa moja moja, malalamiko yakatupwa. 50.58 dhidi ya 50.59. Na Mkenya wetu nyuma yao, sekunde moja haijaisha.

Najua mtu atakayeandika hapa chini: "Lakini huyo ni mzungu." Sawa, ni Mkenya mzungu. Amezaliwa Nairobi, alibeba bendera yetu kwenye ufunguzi wa London 2012, na alipoingia kwenye muziki alijiita Samaki Mkuu na akaimba Kiswahili. 2010 kule Delhi alishinda mita 50 kipepeo, dhahabu ya kwanza ya Kenya ya kuogelea katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kama unataka kulalamika, lalamika kuhusu bwawa. Kwa muda mrefu kuogelea kwetu kumekuwa kitu cha klabu na shule za karo kubwa. Bwawa la mita 50 la Kasarani lilijengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987, na mimi hapa Eldoret nimezoea mabwawa ya hoteli ambayo ukipiga mikono kumi umefika. Hiyo ndiyo inazamisha watu, si mifupa.

Na ndiyo maana siku hizi neno linalotufuata Olimpiki ni nafasi ya mwaliko: nchi isiyo na mtu aliyefikisha muda unaotakiwa inaruhusiwa kuleta mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Paris 2024 tulipeleka Maria Brunlehner na Ridhwan Abubakar Mohamed kwa njia hiyo. Heshima kwao, wanafanya kazi. Ila 2008 tulikuwa fainali, na sasa tunaalikwa.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, nina lalamiko dogo. Riadha tunasema "mbio za kupokezana vijiti", na kuna watu wanalihamishia neno hilo kwenye maji. Kijiti kiko wapi? Kwenye maji mwenzako anagusa ukuta, wewe unaruka, na miguu yako ikitoka jukwaani kabla hajagusa timu nzima inaondolewa. Tuite kupokezana tu. Hatushindwi na maneno sisi. Huu mji Makaburu walipofika 1908 ulijulikana kwa namba, 64, na wazee wakaikunja hiyo "sixty-four" mpaka ikawa Sisibo.

Kitu kingine kilichonichekesha: Amos Biwott, aliyetupa dhahabu ya kwanza ya kuruka viunzi na maji, Mexico 1968, anakumbukwa kwa kuliruka lile shimo la maji bila kulowa miguu. Bingwa wetu wa maji alikuwa mkavu.

Binamu nilimwonyesha video. Alipofika kwenye matokeo akasimamisha simu, akasoma "KEN" kwa sauti, akarudisha nyuma akatafuta Mkenya ni nani kwenye maji. Jumamosi iliyofuata tukarudi hotelini. Sasa anahesabu spliti zake mwenyewe na simu yangu, na PB yake ya mita 20 ni sekunde 24. Kipepeo bado, anameza maji.