Fahamu Nafasi ya Kiti na ya Miguu katika Ndege za Safari za Ndani

Ndege nyingi za abiria zinazotumika katika safari za ndani zina njia moja tu ya kupita katikati ya viti. Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) linatumia, miongoni mwa nyingine, Dash 8-Q400 yenye viti 76 na Airbus A220-300 yenye viti 132.

Nafasi ya miguu hupimwa kuanzia sehemu moja ya kiti hadi sehemu hiyo hiyo ya kiti kilicho mbele. Kipimo hicho hujumuisha unene wa kiti chenyewe. Hivyo sentimita 79 zinazotajwa si nafasi tupu ya magoti, na kiti chenye egemeo jembamba huacha nafasi kubwa kuliko kinene chenye kipimo kilekile.

Upana ni suala jingine. Ingawa A220 ni nyembamba kuliko Boeing 737, daraja lake la kawaida hupangwa viti vitano kwa safu badala ya sita, hivyo kiti chake hufikia takriban sentimita 47, ilhali cha 737 ni takriban 43. Abiria mwenye mwili mkubwa huitambua tofauti hiyo kabla ndege haijaruka.

Viti vya mlango wa dharura kwa kawaida huwa na nafasi zaidi, lakini havitolewi kwa kila anayeviomba. Watoto na abiria wanaohitaji msaada hawaruhusiwi kuvikalia, kwa kuwa anayeketi hapo hutarajiwa kuufungua mlango. Mizigo nayo haiwekwi miguuni hapo wakati wa kuruka na kutua. Ndege kubwa ya abiria huthibitishwa kwa sharti kwamba watu wote waweze kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki.